Mbunge wa Minnesota Hana Mfuko: Mwongozo Kamili wa Kuutafutia Mradi wa Mtaa Fedha za Jimbo

Kikao cha jumuiya yetu ya watu wa Afrika Mashariki huku Minnesota, Marekani, kikifika kwenye ajenda ya kujenga ukumbi, hakosi mzee wa kuuliza: "Kwani mbunge wetu anafanya nini?" Zamani tulijibu kwamba hatuna mtu wetu bungeni. Jibu hilo limekwisha muda wake. Novemba 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha uwakilishi bungeni cha wilaya 38A upande wa Brooklyn Park, mji ambao Wakenya wamejaa hadi ukienda kununua unga huhitaji kuongea Kiingereza. Tangu hapo swali la mzee limepata makali.

Tatizo ni picha tuliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mkenya anaijua CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, tangu 2003: fungu la mapato ya taifa linashuka hadi eneo bunge, kamati inakaa, darasa linajengwa, karo inalipwa. Mtanzania anaujua Mfuko wa Jimbo wenye sheria yake ya 2009. Basi mtu akifika Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota lilipo bunge, anatafuta mfuko wa mbunge. Haupo. Mbunge wa Minnesota hapewi hata dola moja ya kugawa. Ana mswada anaoweza kuuwasilisha, ana kiti kwenye kamati mbili tatu, na ana kura yake. Kila senti ya mradi wenu sharti iandikwe ndani ya sheria au ipitie ruzuku ya wizara. Kazi yenu, kwa hiyo, ni kumpa mbunge karatasi zinazoweza kugeuka sheria.

Jambo moja la lugha kabla hatujaanza: hapa "jimbo" ni Minnesota nzima. Eneo la mbunge nitaliita wilaya. Wilaya za useneta ni 67, na kila moja imekatwa mara mbili, A na B, zikapatikana wilaya 134 za wawakilishi. Kwa hiyo kila mkazi ana watu wawili bungeni, mwakilishi na seneta, na mtawahitaji wote wawili.

Hatua ya 1: Jueni mnaomba fedha za aina gani

Hapa ndipo maombi mengi hufia, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo.

Fungu la kwanza ni hatifungani. Jimbo linakopa kwa kuuza hatifungani, linajenga, kisha linalipa deni kwa miaka mingi. Hizi ni fedha za kununua ardhi, kuchora ramani, kujenga na kukarabati. Mshahara wa mwalimu wa Kiswahili haumo, meza na viti vya kuhamishika havimo, na sherehe ya Jamhuri ndiyo kabisa haimo. Katiba ya Minnesota inataka mswada wa namna hii upate tatu ya tano ya kura katika kila baraza la bunge, yaani kura 81 kwa wawakilishi na 41 kwa maseneta. Ni nadra chama kimoja kufikisha idadi hiyo peke yake. Maana yake mradi wenu wa Brooklyn Park unahitaji kura ya mbunge wa mashambani kaskazini ambaye hajawahi kuonja ugali, na yeye naye ana mtambo wa maji machafu anaoutafutia fedha. Mnapanda basi moja.

Sharti kubwa zaidi ni umiliki. Fedha za hatifungani huenda kwenye mali ya umma tu: ya jiji, kaunti, wilaya ya shule au jimbo lenyewe. Jumuiya nyingi hufanya hivi: wanachanga, wananunua ghala au kanisa kuukuu kwa jina la chama chao, halafu wanakwenda bungeni kuomba za kulikarabati. Kwa hatifungani hilo halipiti. Njia iliyopo ni jiji kumiliki jengo na chama chenu kupewa mkataba wa kuliendesha, mkataba wenye masharti ya jimbo, na jengo lenyewe haliuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya kamishna wa fedha na bajeti.

Najua jinsi habari hii inavyopokelewa vikaoni. "Tuchange jasho letu halafu jengo liwe la meya?" Ninavyoona mimi, kubalini. Mwenye jengo ndiye mwenye paa, na paa la Minnesota baada ya baridi kumi ni gharama ambayo mweka hazina wenu hajawahi kuiota.

Fungu la pili ni fedha taslimu kutoka mfuko mkuu wa jimbo. Hizi zinaweza kwenda moja kwa moja kwa shirika lisilo la faida, na jengo likabaki lenu. Ila hupatikana kwa wingi pale tu hazina inapofurika. Mwaka 2023 jimbo lilikuwa na ziada iliyokadiriwa kufika dola bilioni 17.5, na bunge likapitisha miradi ya takriban dola bilioni 2.6: kama bilioni 1.5 kwa hatifungani, zinazobaki taslimu. Mwaka wa namna hiyo ni wa kusimulia wajukuu. Msiupangie bajeti.

Fungu la tatu ni fedha za shughuli: mafunzo ya kazi, vijana baada ya shule, afya ya akili, wazee. Hizi zimo kwenye bajeti ya miaka miwili ambayo bunge huipitisha miaka ya witiri, nayo huanza kutumika Julai 1. Mafunzo ya kazi, kwa mfano, hupitia wizara ya ajira na uchumi inayojulikana kama DEED. Wakati mwingine bunge hutaja shirika kwa jina. Wakati mwingine huweka fungu na mashirika yakashindana. Kama shirika lenu lina watu watatu na kompyuta moja, anzeni na ruzuku ya kushindania. Ni ndogo, na itawafunza kuandika ripoti kabla ya makosa yenu kuwa makubwa.

Hatua ya 2: Safisheni nyumba

Septemba 2022 waendesha mashtaka wa serikali kuu walifungua kesi ya shirika la Feeding Our Future, iliyohusu zaidi ya dola milioni 250 za chakula cha watoto. Watu 47 walishtakiwa awamu ya kwanza, wengi wao wa asili ya Afrika Mashariki. Tangu siku hiyo shirika lenye jina la kwetu huangaliwa mara mbili. Mnaweza kulalamika kwamba si haki, na mtakuwa mmesema kweli, lakini lalamikeni mkiwa na vitabu vilivyonyooka.

Kwa ruzuku ya dola 50,000 na zaidi, sheria inaitaka wizara iwachunguze kabla ya kuwapa chochote. Wataangalia kama usajili wenu kwa Katibu wa Jimbo uko hai. Huo huhuishwa kila mwaka kabla ya Desemba 31, bila malipo, na bado ni ajabu wangapi husahau hadi chama kinafutwa kwenye daftari. Wataomba fomu 990 mnayopeleka kwa mamlaka ya kodi ya taifa. Wataangalia kama wakuu wenu wana hatia ya udanganyifu. Mkichangisha zaidi ya dola 25,000 kwa mwaka au mkiwa na mfanyakazi wa kulipwa, huwa mnapaswa kujisajili pia kwa Mwanasheria Mkuu. Mapato yakizidi 750,000, andaeni hesabu zilizokaguliwa na mhasibu wa nje.

Na tafadhali, akaunti ya benki isiwe na jina la mwenyekiti. Hata kama ni mtu mwaminifu kuliko wote.

Hatua ya 3: Anzeni na jiji

Tuseme mradi ni ukumbi wa vijana na wazee, gharama yote dola milioni 4. Kama ni wa hatifungani, mwombaji rasmi ni jiji. Kwa hiyo safari yenu ya kwanza ni kwa diwani wa eneo lenu na kwa meneja wa jiji. Hudhurieni kikao cha baraza, jiandikisheni kuongea, na ombeni azimio la kuuunga mkono mradi.

Jiji linapaswa kupeleka maombi yake kwa ofisi ya fedha na bajeti ya jimbo, MMB, kufikia katikati ya Juni ya mwaka wa witiri. Gavana naye hutoa mapendekezo yake katikati ya Januari ya mwaka wa shufwa unaofuata, mwaka ambao kwa desturi ndio wa mswada wa hatifungani. Mkiamka Februari mkiwa na wazo jipya, mmechelewa kwa miezi minane. Jiji likiwa na maombi matatu lazima liyapange kwa kipaumbele, wa kwanza hadi wa tatu, na mnara wa maji au kituo cha zimamoto ni mshindani mkali. Namba 3 ya jiji ni sawa na hapana yenye adabu. Piganieni namba 1, au 2 mkiwa na sababu.

Sasa hesabu. Sheria inasema mchango wa jimbo kwa mradi wa serikali ya mtaa kwa kawaida usizidi nusu ya gharama. Kwa milioni 4, jimbo ni milioni 2, na milioni 2 nyingine zitoke kwa jiji, kaunti, wakfu na ninyi wenyewe.

Hapa tunasema, ah, harambee! Sisi tunaijua. Ndiyo, lakini siku ya harambee ukumbini, mtu husimama akaahidi elfu tano watu wakapiga vigelegele, na mwaka mzima mweka hazina anampigia simu. Kwetu ahadi ni deni. Kwa MMB ahadi ya mdomo si kitu. Kabla jimbo halijaachia fedha, litataka ushahidi kwamba mradi mzima umepata fedha zake: salio la benki, barua ya wakfu iliyosainiwa, azimio la baraza la jiji. Kwa hiyo endesheni harambee mapema, wapeni watu fomu ya kusaini, na mhesabu fedha zilizoingia tu. Ushauri wangu ni kuipigia hesabu ahadi ya ukumbini kwa nusu yake, nanyi mtakuwa bado wakarimu.

Hatua ya 4: Karatasi moja

Mbunge hatasoma kitabu chenu chenye picha za uzinduzi. Mwandikieni ukurasa mmoja wenye jina la mradi, anwani, nani atamiliki, nani ataendesha, gharama yote, kiasi mnachoomba jimbo, kiasi kilichopatikana na kutoka wapi, hatua iliyofikiwa, na watu wangapi watautumia. Chini kabisa jina na simu ya mtu mmoja anayepokea simu mchana. Msiweke majina ya kamati nzima kumi na moja na vyeo vyao. Najua siasa za jambo hili, lakini wapeni heshima hiyo kwenye kalenda ya chama.

Hatua ya 5: Kumwona mbunge

Wakati mzuri ni Agosti hadi Novemba, bunge likiwa halijakaa. Mualikeni aje auone uwanja wenyewe, asimame pale theluji itakapomwagika kutoka paani. Katika miezi hiyo ya mwaka wa witiri pia, kamati za miradi ya majengo huzunguka jimbo kwa basi kukagua maombi. Mkipata dakika ishirini za kituo kwenye ziara hiyo, watoto wawepo, mhandisi wa jiji awepo, na hotuba ziwe mbili tu.

Bunge likishaanza, utampata kwa dakika kumi ofisini, pengine mkiwa mnatembea naye kuelekea kamatini. Treni ya Green Line hushusha kituo cha Capitol/Rice Street, karibu kabisa. Mtu muhimu kuliko unavyodhani ni msaidizi wake, anayepanga ratiba na kujibu barua pepe. Jueni jina lake. Mshukuruni. Anayemdharau msaidizi hujibiwa baada ya Mei.

Mtaulizana kama asiye raia anaruhusiwa kwenda. Anaruhusiwa. Kumwona mbunge na kutoa ushahidi mbele ya kamati hakuhitaji pasipoti ya Marekani. Muhimu ni kwamba mmoja wenu awe mkazi wa wilaya yake, na hilo lisemwe katika sentensi ya kwanza.

Lakini nendeni mikono mitupu. Nasisitiza kwa sababu najua tulivyolelewa: mgeni haendi ugenini bila kitu, na kiongozi anavishwa shuka. Tangu 1994 Minnesota ina sheria inayowakataza wabunge kupokea zawadi kutoka kwa washawishi na mashirika wanayoyawakilisha, na haitofautishi kikoi na saa ya dhahabu. Msimweke mtu wa watu pabaya. Chai anywe mwenyewe, alipe mwenyewe.

Vilevile msichanganye ombi na kampeni. Shirika lenye msamaha wa kodi wa 501(c)(3) linaruhusiwa kushawishi bunge kwa kiasi. Haliruhusiwi kabisa kumpigia debe mgombea. Kuna fomu fupi ya mamlaka ya kodi, namba 5768, inayowapa kipimo cha wazi: kwa shirika la bajeti ya hadi dola 500,000, mnaweza kutumia asilimia 20 ya matumizi yenu kushawishi. Ijazeni. Mwenyekiti akitaka kupanda jukwaa la mgombea, apande kama yeye, bila fulana ya chama.

Hatua ya 6: Mswada

Mbunge akikubali, ombi lenu hupelekwa kwa ofisi ya waandishi wa sheria, nao huligeuza aya mbili tatu zenye lugha kavu: kiasi fulani, kwa jiji fulani, kujenga na kuweka vifaa mahali fulani. Zisomeni kabla hazijawasilishwa. Neno "kuchora" likiandikwa bila "kujenga", mtapata ramani nzuri sana ya kutundika ukutani.

Mswada wa wawakilishi hupewa namba ya HF, wa maseneta SF, na lazima iwepo yote miwili inayofanana. Huyu ndiye seneta niliyesema mtamhitaji. Mwombeni mbunge atafute watia saini wenza wa chama kingine. Mkumbuke kura 81.

Kisha kamati itaita mradi usikilizwe. Mswada usiosikilizwa bado unaweza kuingia kwenye mswada mkubwa, ila ni kubahatisha. Mtapewa kama dakika mbili. Kama nyumbani ambako kila sentensi humpitia "Mheshimiwa Spika", hapa pia huanza kwa kumwelekea mwenyekiti na wanakamati. Mpelekeni mtu wa mtaa na mtu wa jiji: mmoja aseme kwa nini, mwingine aseme kiasi gani. Swali mnalopaswa kulingojea ni hili: nani atalipia umeme na mfanyakazi wa usafi kila mwaka? Jimbo halitalipa. Mkijibu "tutaona", mwenyekiti ataandika kitu kwenye karatasi yake, na hakitakuwa kizuri.

Hatua ya 7: Mei

Bunge lazima lifunge Jumatatu inayofuata Jumamosi ya tatu ya Mei. Wiki hizo mbili za mwisho mswada mkubwa hupikwa na viongozi wachache ndani ya vyumba vilivyofungwa, na miradi huingia na kutoka usiku. Mbunge wenu wakati huo hahitaji hotuba. Anahitaji simu na barua fupi kutoka kwa wakazi wa wilaya, na kila mtu aandike kwa maneno yake. Barua arobaini zenye sentensi zilezile huhesabiwa kama moja.

Jiandaeni pia kwa kukosa. Mwaka 2024 bunge lilifika saa sita usiku katikati ya kelele na mswada wa hatifungani ukafa. Mwaka 2025 wawakilishi waligawana 67 kwa 67, ukapita wa dola milioni 700 katika kikao maalumu cha Juni, na sehemu kubwa ikaenda barabara, mifumo ya maji na majengo ya jimbo. Hata mkipita, gavana ana uwezo wa kufuta mstari mmoja wa fedha na kusaini mingine. Mkikosa, msimtukane mbunge kwenye kikundi cha WhatsApp. Mwombeni awaeleze ni wapi ulikwamia, rekebisheni pale, na mrudi kwa jiji kabla ya Juni ijayo.

Hatua ya 8: Baada ya saini

Hakuna hundi. Watu hufanya sherehe siku ya saini kisha hungoja barua ya benki, na haiji. Kwanza kuna mkataba wa ruzuku. Kuna ushahidi wa nusu yenu. Kuna vipimo vya ujenzi unaotunza nishati, na kuna viwango vya mishahara ambavyo mkandarasi lazima awalipe mafundi, kwa hiyo binamu yako mwenye gari la rangi na ngazi hatapata kazi hii kwa bei ya undugu. Kwa kawaida fedha hutoka kwa kurejeshewa: jiji linalipa, linapeleka risiti, jimbo linarudisha.

Na saa inatembea. Fedha za hatifungani zisizofungwa kwenye mkataba baada ya miaka 4 hivi hufutwa na kurudi. Pangeni mtu mmoja wa kamati, mwenye subira na faili, apige simu kwa meneja wa jiji kila mwezi kuuliza mkataba umefika meza ya nani.

Siku ya kufungua ukumbi, mwalikeni mwakilishi, seneta, diwani, na yule mbunge wa kaskazini aliyepiga kura. Mpikieni pilau, ila kabla ya hapo mmoja wenu aulize bodi ya jimbo ya fedha za kampeni (Campaign Finance and Public Disclosure Board) kama sahani hiyo inaruhusiwa, na jibu mlipate kwa maandishi.